Tulivyoyakimbia Maji Yasiyojaa

Dadangu Mwanaisha,

Mpaka tumeuvuka salama, na jana nimelala hemani huku Bunda, kando ya ziwa. Mimi, nisiyewahi kulala hata roshani! Nacheka peke yangu kama mwehu.

Tuliposhuka kwenye basi, wenzetu wa Nairobi wakaanza kusimamisha mahema mchangani. Nikawapigia kelele: "Maji yakijaa usiku mtaamkia Uganda!" Basi sisi wa Mombasa tukabeba mahema yetu mpaka juu kwenye majani. Mama Magesa, mwenyeji wa hapa aliyetupatia samaki wanaowaita sato kwa kipande cha sabuni, maana huku sabuni ni adimu, akashangaa. "Dada, hili ziwa halijaagi. Na hapo ng'ombe wanapitaga." Nikaona ananitania. Maji gani hayo yasiyojua kujaa na kupwa?

Alfajiri hema likatikisika. Kufungua zipu, nikaonana uso kwa uso na fahali, ananusa kilemba changu! Ng'ombe wa kijiji kizima wanakwenda kunywa maji, na sisi tumelala katikati ya njia yao. Nikatimua mbio na shuka langu hadi ziwani. Maji yalikuwa pale pale pa jana! Mama Magesa alicheka mpaka akakaa chini, nami nikakaa naye.

Nibusie watoto. Ile kanga yako mpya iliyochukuliwa na maji pale Nyali bado inaniuma. Nitakuleta huku, dada, uitandaze nyingine mchangani, ulale usingizi wako, uamke uikute.

Mdogo wako,
Zuhura