Jina la Kambale halionekani

Butembo, siku ya ine, mwezi wa kumi na moja

Leo tena hapana! Site ya parokia kwa internet, ambayo ni mimi ninaiandikia, inafunguka vizuri, orodha ya marehemu wa kuombea iko, kila mumoja na ukurasa wake, lakini wa bwana yangu hauonekani.

Mama mukwe alipiga simu toka Beni. "Masika, batoto wamenisomea majina yote kwa telefone. Kambale wetu iko wapi?"

"Nilimuandika, mama. Ni mashini inanisumbua."

Sikudanganya, niliamini hivyo. Nilifuta cache, ile kumbukumbu ya zamani ya mashini, nikazima, nikawasha. Bure. Basi nikamuita Muhindo, fundi aliyetufungulia site. Akaangalia, akacheka: "Mama, huu umebaki brouillon! Uliandika, mais haukubonyeza Publier ili batu baone. Zingine zote ulibonyeza." Kisha akasoma jina, akaacha kucheka.

Zingine zote. Wa Kambale tu, aliyeenda shambani Mbau, kule batu wanauawa, na hakurudi. Mwili hatukuuona. Matanga hatukukaa. Na mimi bado ninaweka sahani yake mezani...

Nilimupigia mama mukwe, nikamuambia ukweli.

"Mwanangu, mimi ndiye nilimuzaa, na nimekubali aombewe. Wewe je?"

Ee Mungu, uliona mukono wangu ulivyokuwa muzito. Nilibonyeza. Connexion yetu, ambayo kila siku inatuchelewesha, leo haikuchelewa hata kidogo.