Neno la Mwisho la Bwana Linda

Bagamoyo,
9 Machi 1969

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta huko Pangani ukiwa mzima, na kikohozi kimepungua. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, na Dija ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka huku ameziba mdomo.

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilianza mara tatu nikachana. Huenda umeshasikia kwamba Bwana Lindauer, mkubwa wako wa zamani ulipokuwa tarishi benki, alifariki tarehe nne Februari, na kwamba alikufa Mwislamu.

Ulinituma nimsomee magazeti kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni tena herufi, nami sikukosa hata siku moja. Majirani walizoea kumwita Bwana Linda, wakimtania kwamba benki imeshataifishwa, sasa analinda nini? Yeye alijibu kwamba analinda kuku wa Shangazi Somoe.

Alinieleza kwamba babu yake, baba yake na ami zake walikuwa na benki yao huko Ujerumani kwa zaidi ya miaka mia. Kwa kuwa walikuwa Wayahudi walinyang'anywa, kisha jamaa wote wakauawa, isipokuwa yeye na dada yake. Siku ya kunyang'anywa, baba yake alisimama mlangoni, akafunika macho kwa kiganja, akasema maneno ya dini yao. Nilipomwuliza kuhusu benki yenu ya Dar es Salaam iliyotaifishwa, alisema safari hii angalau aliyepokea funguo alimpa mkono.

Siku aliyofariki nilimkuta anahema kwa shida. Alifunika macho kwa kiganja, akasema maneno yale yale. La mwisho lilikuwa "ehad". Kisha akakata roho.

Wanaume walijaa uani, lakini hakuna aliyemgusa, na joto lilikuwa kali. Wengine walisema huyu si wetu, wengine kwamba apelekwe misheni, nami nilijua hakutaka kulala chini ya msalaba. Maalim Mwishehe akaniuliza kama marehemu alitamka lolote. Nikasema alitamka "ahad". Akauliza tena, nikaapa. Waliomwosha wakatoka wakisema alikuwa ametahiriwa, basi shaka ikaisha. Akaswaliwa na watu wengi. Kibao cha kaburi kimeandikwa Abdulahad.

Baba, nilijua. Alikuwa ameshanifundisha kwamba "ehad" kwao ni mmoja, kama "ahad" kwetu, na kwamba Myahudi hufa na maneno yale. Hakusilimu. Nimeapa uongo mbele ya maiti.

Sasa imekuja barua ya Kiingereza kutoka kwa mpwa wake. Anauliza mjomba wake alizikwa vipi, na nani alisimama kaburini. Maalim ameniagiza nimjibu kwa niaba ya mji, nimpe habari njema. Sijajibu.

Jana nilikwenda makaburini, nikaandika jina lake la kwao nyuma ya kibao kwa kalamu ya risasi. Masika yakianza litafutika. Nakuomba uje kabla ya mvua, twende wote kwa Maalim. Peke yangu siwezi, lakini ukiwa umekaa karibu yangu nadhani nitasema.

Nisalimie Baba Mkubwa na wote wa nyumbani kwake. Mama anasema usisahau kunywa dawa.

Mimi mwanao,
Sihaba Kombo
Darasa la Saba