Mfupa wa Batamzinga

Baba Tess,

Sikukuu ya Shukrani mwaka huu ni zamu yako kuwa na watoto, sina neno. Wapo ghorofani, Nolan anamvalisha mdogo wake Tess viatu. Pai ya boga iko kwenye friji. Mwambie mama yako umeoka wewe, ndipo atakula.

Asubuhi Tess aligoma kuja kwako. “Na Mama atavuta mfupa wa batamzinga na nani?” Nikamdanganya nimeitwa kazini, ikabidi niondoke kweli. Usinichongee.

~~Warudishe saa kumi na mbili.~~ Walale huko huko, theluji ni nyingi.

Ule mfupa pacha wa kifua uvute wewe naye hadi uvunjike, umwachie kipande kirefu, maana mwenye kirefu ndiye huomba jambo litimie; aombe yeye. Ombi lake ni lile lile tangu tuachane. Halitatimia, tunajua wote wawili. Mwachie tu ashinde.

Mama Tess