Mwanasesere wa Kisimani

Garissa, 12 Machi 1967

Mama mkwe wangu mpendwa,

Mimi ni mzima, na wanafunzi wangu pia. Yule mbuzi wako ameshazaa?

Mama, laiti ungekuja uone! Wanawake wa Kisomali ambao serikali imewafungia kijijini, ndani ya seng'enge, kwa sababu ya vita hivi vya Shifta, wametengeneza mwanasesere mrefu kuliko mlango wa shule, mfano wa wale wa vitambaa wanaowashonea binti zao. Amesimama kisimani. Kila nyumba ilitoa kitambaa, nami nikatoa. Kwa kutojua, nilimshonea macho. Jirani yangu Rahmo akayafumua taratibu.

"Mwalimu, sisi hatumwekei mwanasesere uso. Uso ni kazi ya Mungu."

Niliona haya, kisha tukacheka. Sasa hata askari wa zamu husimama kumtazama!

Uliniomba shati la Musembi la kanisani. Mama, sitalileta. Liko kifuani pa mwanasesere, limeungwa na shuka la mume wa Rahmo, aliyeuawa juma lile lile tulilompoteza Musembi wetu. Rahmo hakuniuliza nani alimuua wake, nami sikumuuliza nani alimuua wangu. Tulipokezana sindano.

Bado ni mkaza mwanao,
Kasyoka