Fataki za Kombe la Sudha

Tottenham, 3 Mei 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Baba anasema nikiendelea kukuandikia, Kiswahili changu kitapita chake.

Mama aliniambia nikupigie simu tu. Nikamwambia kwa masikio yako itabidi nipige kelele, na mimi kelele siziwezi. Hata shuleni nikiambiwa nisome mbele ya wenzangu, sauti inakwama.

Je, fataki zimepatikana? Ulisema madukani zimeisha, na bila fataki, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti, risasi zako ni mapambo tu. Nimeazima maktaba kitabu cha kujaza risasi. Mama wa maktaba alinitazama sana, mpaka nikamweleza kwamba babu yangu hulenga shabaha klabuni.

Mjukuu wako,
Leena

Harrow, 9 Mei 2023

Mjukuu wangu Leena,

Marahaba. Goti bado linalalamika, bahati nzuri mimi kiziwi. Mwambie baba yako Naftali kwamba Kiswahili nilikijua Kisumu kabla yeye hajazaliwa.

Fataki zangu za kawaida hazipo London nzima, ila Ameir wa klabuni kaniachia boksi la zile kali. Zinaingia vizuri kabisa kwenye maganda ya risasi. Nimeshajaza risasi za mashindano yote, kwa kipimo changu kilekile cha baruti. Miaka yote kwenye duka langu la dawa, dawa ya kampuni moja ikiisha nilitoa ya kampuni nyingine, na wateja walipona.

Tarehe 20 ni Kombe la Sudha. Klabu waliliita kwa jina la Bibi yako kwa sababu ya kachori zake, na pia kwa sababu hakukosa hata shindano moja, akikaa kwenye kiti chake cha kukunja, nyuma yangu. Tangu atuache sijalipigania. Mwaka huu nalitaka hapa nyumbani, juu ya kabati lake.

Babu yako

Tottenham, 12 Mei 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu juzi? Barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuifikisha hapa.

Tafadhali usizipige risasi hizo. Kitabu kinasema fataki kali huiwasha baruti kwa nguvu zaidi, na kwa kipimo kilekile bunduki inaweza kupasuka, karibu kabisa na uso wako. Ukibadilisha fataki unaanza upya: unapunguza baruti, unajaribu, unapanda polepole kama kitabu kinavyoelekeza.

Dukani ulibadilisha kampuni tu, dawa ni ileile, Babu. Hukumpa mtu dawa yenye nguvu zaidi ukamwambia ameze vidonge idadi ileile. Mama husimulia kwamba hukumkabidhi mteja chupa kabla ya kumsomea lebo kwa sauti, hata mteja akiwa daktari. Lebo ya boksi la Ameir umeisoma?

Nisamehe. Sijawahi kumwambia mtu mzima kwamba amekosea.

Mjukuu wako,
Leena

Tottenham, 22 Mei 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Jumamosi ya Kombe imepita na hujaniandikia. Mama alikupigia, ukasema u mzima, ukakata. Basi macho yako yapo na mikono ipo, mengine nitavumilia.

Kama umenikasirikia, sawa. Barua ile ningeiandika tena. Kula vizuri.

Mjukuu wako,
Leena

Harrow, 2 Juni 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nyumbani kwangu salama, na mimi salama.

Nilikasirika, ndiyo. Nikasema, huyu mtoto wa maktaba ananifundisha mimi habari za dawa. Nikachukua boksi niisome lebo, ili nikujibu kwamba nimeisoma. Leena, sikuweza. Nilikwenda dirishani. Nikavaa miwani ya Bibi yako juu ya yangu. Shabaha ya mbali naiona, na barua zako zina herufi kubwa, ila herufi ndogo za karibu zimenikimbia, na kitabu changu nilikuwa nimeacha kukifungua. Nilikuwa najaza kwa kukumbuka tu.

Risasi zote nimezifungua, moja moja. Siku ya Kombe nilibeba kiti cha Sudha, nikakaa nyuma ya Ameir. Ameshinda. Analenga vibaya, upepo ulimwonea huruma. Nimemwambia asilizoee kombe lile.

Kwa mtu wa macho nakwenda Julai. Fataki kali bado ninazo, na mwaka ujao upo. Lakini kuanza upya kunataka msomaji, na masikio yangu unayajua. Itabidi usome kwa sauti kubwa.

Babu yako

Tottenham, 7 Juni 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka Mama kauliza kuna nini.

Nitakuja Jumapili. Jana mwalimu aliuliza nani atasoma, nikanyanyua mkono. Nilisoma ukurasa mzima, na waliokaa nyuma kabisa walisikia.

Weka chai, na boksi liwe mezani. Usiguse kitu mpaka nimalize lebo.

Mjukuu wako,
Leena