Bi Ntama Ana Mwenyewe

Jumatano, 6 Agosti. Ruangwa
Nimenyoa ndevu mara mbili. Bi Ntama ninayemwigiza hatakiwi kuwa na kivuli kidevuni. Kanga imepigwa pasi. Nimerudia maneno mbele ya kioo cha gesti, kama kawaida. Onyesho Jumamosi alasiri. Miaka saba ya kuchekesha jukwaani, minne ya runinga, na ndiyo kwanza namleta Bi Ntama huku kwetu. Dada yangu Zuhura kapiga simu kutoka nyumbani Naipingo: mama hatakuja. Nilishusha pumzi. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Alhamisi, 7 Agosti
Naipingo. Mama kaitikia shikamoo yangu kwa Kimwera, na Kimwera tu mpaka naondoka. Zamani alichanganya na Kiswahili. Kiswahili chake cha sokoni. Neno likimpotea husema "ile nini ile" huku vidole vinapapasa hewa. Huyo ndiye Bi Ntama. Sikubuni kitu. Nilimchukua mzima, vidole na vyote, nikampeleka Dar, nikapata kazi.

Zuhura kanieleza uani, tukipepeta ufuta. Kabla ya Ramadhani mama alikwenda zahanati, sikio linauma. Alipofika dirishani akasema "ile nini ile". Benchi zima likacheka. Mmoja akamwita Bi Ntama. Mama akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Hajaenda tena. Sikio la kushoto sasa halisikii. Sokoni anamtuma Zuhura.

Miezi yote hiyo nilikuwa narekodi kipindi.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala watu walinizunguka kupiga picha. Nilitabasamu. Sijui kwa nini.

Nilimwomba mama nimpeleke hospitali, Nachingwea mjini. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu: "Nikienda na wewe watacheka zaidi."



Jumamosi, 9 Agosti. Ruangwa
Nilimwambia mwandaaji leo Bi Ntama hayupo. Akasema tuone. Nilipanda jukwaani na suruali yangu. Dakika kumi watu wanakohoa tu. Kisha wakaanza kumwita, ukumbi mzima, wanagonga viti. Niliogopa kuwa mtu asiyechekesha. Hilo tu. Nikaenda nyuma, nikajifunga kanga.

Walicheka kuliko Dar. Mama mmoja mtu mzima, mstari wa mbele, hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilimwona, nikaendelea. Mwoga mimi.

Jumapili, 10 Agosti. Naipingo
Nimemwambia mama mwenyewe habari ya jana, kabla hajasikia kwa wengine. Kwa Kimwera, niliona ndiyo heshima. Kimwera changu kimekufa. Kila sentensi nakwama. Angeweza kucheka. Alisubiri, ananitazama mdomo, mpaka nikamaliza. Kisha akauliza nitavaa kanga ile mpaka lini.

Nikampigia mwongozaji wa kipindi hapohapo, mbele yake, nikamwambia Bi Ntama basi. Kasema bila Bi Ntama hana kazi ya kunipa. Nikasema sawa.

Jumanne, 12 Agosti. Nachingwea
Mama kakubali hospitali kwa sharti: nikae nje ya geti, nisionekane naye. Nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, kofia usoni, tangu saa mbili. Akaingia peke yake. Akajieleza peke yake.

Katoka saa sita na kichupa cha dawa. Daktari kamwambia sikio huenda lisirudi. Kanipa kichupa nimsomee. Matone matatu, asubuhi na jioni. Nikahamia upande wake wa kulia, nikamsomea tena.