Sajini Wetu Mpya

Kambini, Virginia, 9 Juni 1864

Dada Lavinia,

Soksi zimefika, ahsante. Kikosi chetu unakijua: sisi makarani wa Boston tunapiga mizinga, Waairishi wa bandarini wanaendesha farasi wa kuikokota, na hatuli pamoja. Jumanne sajini wetu aliuawa, wenzangu wakakimbia. Tierney, yule Mwairishi aliyekuja kukuposa, Baba akamfukuza mlangoni, alirudi na farasi katikati ya risasi, akauokoa mzinga pamoja nami niliyejeruhiwa mguu. Kidonda kinapona. Leo amefanywa sajini wetu.

"Shemeji," aliniita mbele ya kikosi kizima, "safisha mzinga, acha kunikodolea macho!"

Walicheka sana. Msomee Baba barua hii. Akiuliza nilijibu nini, mwambie nilijibu, "Sawa, shemeji."

Kaka yako,
Josiah